Kwa Nini Kila Mkono Una Kisahani Chake

Zamani, wajukuu zangu, mifereji ya milimani kwetu ilipokuwa ikichimbwa kwa vijiti, visahani vya kurusha vilikuwa na umbo moja tu. Kila kimoja kilichongwa kwa mpingo, kizito, cheusi, chenye ukingo mkali. Na kilipokata hewa kilitoa mvumo kama wa nyuki wanaohama. Mvumo huo hausikiki tena. Mimi niliupata katika masimulizi ya bibi yangu, lakini hunijia masikioni kana kwamba nami nilikuwapo.

Kila kiangazi kilipokaribia, watu wa Mkundi na watu wa Rangeni walikutana kwenye jabali lililo juu ya korongo. Ng'ambo ilisimikwa nguzo. Kila kijiji kilimtoa mrushaji mmoja, na yule ambaye kisahani chake kilitua karibu zaidi na nguzo, kijiji chake kilipewa maji ya mfereji kwanza kwa msimu wote. Wengine walingojea masalio. Na katika mwaka wa jua kali, masalio yalikuwa tope.

Kwa muda mrefu Mkundi walimtegemea Mashika, mtu ambaye mkono wake ulifyatuka kama mtego. Alishinda hata watu wakasahau ladha ya kushindwa. Kwa kumtukuza, wachongaji wa vijiji vyote viwili walichukua kipimo cha kisahani chake, wakachonga vingine vyote vifanane nacho, hata vya watoto wanaojifunza. Waliamini kwamba umbali ulikaa ndani ya mti ule. Mola aliyegawa riziki kwa mafungu tofauti ndiye aliyegawa na mikono, lakini hilo halikuwajia akilini.

Mashika alipofariki, kisahani chake kilirithiwa na mwanawe Kajiru. Huyu alikuwa kijana mpole, mwenye mkono mrefu usio na haraka. Siku ya mashindano alisimama pale aliposimama baba yake, akarusha alivyorusha baba yake. Kisahani kilipanda, kikasita, kikainama kushoto, kikatumbukia korongoni. Mwaka wa pili kikafanya vivyo hivyo. Migomba ya Mkundi ikanyauka, na akina mama wakawa wanachuja maji kwa kitambaa kabla ya kuwapa watoto. Hakuna aliyemtukana Kajiru. Waligeuza nyuso tu alipopita, na hilo lilimwelemea kuliko matusi.

Alifanya mazoezi hadi bega likavimba. Asubuhi moja alikuwa uani kwa shangazi yake Nakijwa, dada wa marehemu Mashika, akijikanda bega huku shangazi akikoroga uji. Kuku akaja kudonoa mtama ulioanikwa. Shangazi akaomba afukuziwe yule kuku, na Kajiru, bila kufikiri, akachukua kilichokuwa karibu, akarusha. Ulikuwa mfuniko wa chungu, wa mti mwepesi, ambao ukingo wake ulikuwa umelika kwa miaka mingi ya kufunika na kufunua. Mfuniko uliondoka taratibu, ukaegemea kulia kidogo kama mtu anayempisha mwenzake njiani, ukajinyoosha, ukavuka ua, ukavuka shamba la kunde, ukatua mbali kuliko kisahani cha mpingo kilivyowahi kufika kikitoka mkononi mwake. Kuku aliendelea kula.

Shangazi akaacha mwiko.

“Baba, wewe unarusha kama marehemu,” alisema. “Kaka yangu alikuwa na mkono wake, na amekwenda nao. Rusha kwa huo ulio nao.”

Kajiru akajibu kwa sauti ya chini kwamba ingekuwa aibu kukiacha kisahani cha baba kwa ajili ya chombo cha jikoni.

“Aibu ni watoto kunywa tope. Beba mfuniko. Uji wangu nitaufunika kwa jani.”

Siku ilipofika, Sempombe wa Rangeni, mwenye mabega kama ya fahali, alitangulia, na kisahani chake kikatua hatua chache tu kutoka kwenye nguzo. Kisha Kajiru akautoa mfuniko. Watu wa Rangeni wakacheka hadi wakashikana mabega, na mmoja akauliza, “Mmekuja kurusha au kupika?”

“Kupika,” akajibu shangazi. “Tumefuata maji.”

Kajiru hakutumia nguvu. Aliuachia mfuniko kama mtu anayefungua mlango wa nyumba yake. Ukaelea juu ya korongo, ukaegemea, ukajinyoosha, na vicheko vilikuwa bado havijaisha ulipogonga nguzo.

Mkundi wakanywa maji safi. Lakini binadamu ni mwepesi wa kuiga. Mwaka uliofuata hapakuwa na mfuniko hata mmoja katika majiko ya Rangeni. Yote ilikuwa mikononi mwa warushaji. Sempombe akarusha wake kwa nguvu zake zote, nao ukapinduka hewani, ukaenda kulia, ukapotelea korongoni. Ndipo wazee wa pande zote mbili walipotazamana, wakaelewa kwamba walikuwa wamebadilisha chombo bila kubadilisha kosa.

Na tangu siku hiyo, kwetu mtu hapewi kisahani kabla hajatazamwa akirusha mkono mtupu. Mwenye mkono wa kasi huchongewa kizito chenye ukingo mkali. Mwenye mkono mtaratibu huchongewa chepesi chenye ukingo laini. Siku hizi ninyi mnanunua vya plastiki, vya rangi za kupendeza, mnavirusha kwenye vikapu vya minyororo vilivyosimikwa kama ile nguzo, na nawasikia mkiulizana bingwa anatumia kipi. Mchezo ni uleule.

Nyumba ya Kajiru ingalipo. Juu ya mlango wake vimetundikwa vitu viwili, kisahani cheusi cha mpingo na mfuniko uliolika ukingo. Wageni huuliza kipi kilikuwa bora. Wenyeji huwaambia wanyooshe mkono kwanza.