Nani Akabidhiwe Sikudhani?

Jumatano, tarehe kumi na mbili Machi, saa nne asubuhi, Mwantumu alitoka zahanati na barua mkononi na uvimbe katika titi la kushoto. Nyumbani alikuwa na mume na binti wa miaka sita, Sikudhani. Nyumba ya pili walikaa mama yake na kaka yake.

Sikilizeni kwanza Mungu alimjalia nini kila mmoja.

Bi Semeni, mama yake, alijua miti. Mizizi aliyoichemsha ilikuwa imetuliza matumbo ya nusu ya kijiji.

Ustadh Hoza, kaka yake, alijua Kitabu. Aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akazisuuza, na wagonjwa wakanywa maji yake. Ndilo kombe.

Mhina, mumewe, alijua kunyamaza. Miaka tisa ya ndoa hakuwahi kumpinga mkwewe kwa neno lolote, na watu wa milimani kule walimsifu kwa hilo. Tena, kati yao wote, ndiye peke yake aliyesoma Kiingereza, na barua ile iliandikwa kwa Kiingereza.

Siku ile ile Bi Semeni alifika na chungu.

"Mwanangu, uvimbe ukiguswa na kisu unakasirika. Nipe siku arobaini."

"Na kombe langu, mama?" akauliza Hoza.

"Dawa hazichanganywi. Lako litangoja."

"Mizizi ndiyo ingepaswa kungoja maneno ya Mungu."

"Ulipokuwa mdogo ukiharisha, ulikunywa nini wewe? Wino?"

Mwantumu akacheka. "Mnanigawana kama shamba la mirathi, na bado nipo!"

Jioni, akimenya ndizi, alimuuliza mumewe, "Baba Siku, barua inasema niende lini?"

Mhina aliisoma. Ilisema aende hospitali kubwa ndani ya wiki moja, kwa kuwa huenda ni saratani. Akakitazama chungu cha mkwewe, tayari kiko juu ya mafiga.

"Hawakutaja siku," akasema.

Bi Semeni akafanya yake kwa mapenzi. Kila alfajiri alipanda mlima kuchimba mizizi, magoti yakimuuma. Uvimbe ukawa mgumu kama jiwe, akasema dawa inaukusanya.

Siku ya arobaini na moja, Hoza akafanya yake kwa mapenzi. Siku arobaini alifunga, akasoma mpaka sauti ikamkauka. Uvimbe ukapasuka ukatoa harufu, akasema ubaya unatoka.

Mhina naye akafanya yake kwa mapenzi. Alikiosha kidonda, akamlisha mkewe uji kijiko kwa kijiko. Mara mbili alikwenda kwa mkwewe ili amwambie kilichoandikwa. Mara mbili alipiga hodi, akakaribishwa chai, akauliza habari za mbuzi, akarudi.

Walipompeleka hospitali ulikuwa mwezi wa sita. Wenzake wakiwa nje, Mhina alimpa daktari ile barua.

"Hii ni ya Machi," daktari akasema. "Wakati ule tungekuwa na la kujaribu."

Mwantumu aligeuza uso akamtazama mumewe. Siku ya tisa akafariki.

Siku ya kuanua tanga, wazee wa ukoo walikaa kuamua Sikudhani alelewe na nani. Haikuwa habari ya chakula wala malazi. Atakayekabidhiwa ndiye atakayeamua siku mtoto akiugua.

"Nipeni mimi," Bi Semeni alisema. "Mikono hii ilimlea mama yake."

"Mizizi yako imetosha, mama," Hoza akasema. "Kwangu atapata dini."

"Na maji yako ya sahani je?"

Hapo Mhina akasimama. Aliitoa barua, akaisoma yote kwa Kiswahili, polepole.

"Mimi nilijua," akasema. "Ninyi hamkujua."

Bi Semeni akashika kichwa. "Ulinitazama nikimchimbia mwanangu kaburi kila alfajiri, na bado ukaniamkia, 'Shikamoo, mama'?"

"Ningesema, mama, ungesikia?"

Bi Semeni akaitazama mikono yake. Hoza aliinamisha kichwa. Harufu ile aliisikia mwenyewe, na bado alimaliza siku zake arobaini.

Mtoto alikuwa amekaa kizingitini, akingoja kuambiwa afungashe nguo aende nyumba ipi.

Basi ninyi mliosikiliza, wazee hawa wanawangoja ninyi. Apewe bibi, aliyeanza bila kujua? Apewe mjomba, aliyeona akaendelea? Au apewe baba, aliyejua akaficha, kisha akasema ukweli ulipokuwa haumfai tena marehemu? Wewe ungemkabidhi nani?

Na kabla hujajibu, inua mikono. Ee Mola, mrehemu Mwantumu, mpanulie kaburi lake, lifanye bustani katika bustani za peponi, na umpe huko nafuu aliyoikosa mikononi mwetu. Amina.