Ambilikile na Boriti ya Lugombo

Tulieni, watu wa Lugombo, na nyie mliooa na kuolewa humu, na wageni mliofuata harufu ya pilau. Kabla hatujala, nitamtaja aliyetufanya tuwe watu wamoja. Kila mwaka namtaja, na kila mwaka wapo wanaokohoa katikati ya maneno, kohoeni sasa.

Zamani zile, barabara ikiwa bado haijaupanda mlima huu na anayefuata chumvi akilala njiani, alizaliwa Ambilikile, mwana wa Mwaisumbe mfua vyuma, mjukuu wa Kajobile aliyewatoa wazee wetu ziwani wakati wa njaa. Kwa baba yake alirithi mabega na kwa babu yake miguu isiyojua kuchoka. Neno alilipata bondeni, misheni, alikopelekwa kujifunza useremala akarudi mchungaji.

Jumbe wa enzi hizo hakutaka kanisa wala hakutaka kuonekana analikataa, basi akampa uwanja wa mawe ambao hata mbuzi waliupita bila kusimama. Akasema, "Jenga hapo. Masika yakikukuta huna paa, utarudi ulikotoka."

Kuta zilisimama. Ikabaki boriti kuu, gogo zima la mti mgumu lililolala msituni ng'ambo ya makorongo, na wanaume waliokuwa wameahidi kulibeba wakasikia kwamba kwa jumbe kuna pombe. Msiinamishe vichwa, walikuwa babu zetu na tunawajua. Mawingu yalipoanza kujikusanya, Ambilikile aliingia msituni peke yake, akaliinua gogo lile begani, akapanda nalo korongo baada ya korongo, na wanawake waliokuwa wakipalilia walinyanyuka na majembe yao wakamtazama mpaka akapotea kilimani. Mvua ya kwanza ilimkuta akiwa juu ya paa. Siku ile akapewa jina la Bega la Lugombo, Asiyesaidiwa, nalo likaimbwa hadi likamwingia mwilini.

Watu wakaja wengi. Kengele yetu, rimu la lori alilolileta mgongoni kutoka barabara kuu, aliigonga mwenyewe. Nyimbo alianzisha mwenyewe. Wagonjwa aliwatembelea, makaburi aliyachimba, na milango ikilegea alirudi na nyundo. Kisha akavuka mto Lusiba akaanzisha kanisa la pili, na watu wa huko walipoanza kufyatua tofali, moyo wake ukawa tayari unatazama mlima wa tatu.

Mkewe, Tusekile, ndiye pekee aliyemwambia ukweli. "Baba Lusajo, watu hawa wanakupenda kama wanavyoipenda mvua. Wanakaa, wanakusubiri." Ambilikile alicheka, akafunga kamba za viatu, akaondoka.

Ndipo masika mengine yakaja, mto Lusiba ukafurika, yeye akiwa ng'ambo. Huku kwetu akafariki Andembwisye, mzee wa kanisa, mume wa Bupe. Watu walikusanyika, jeneza likapigiliwa, kaburi likachimbwa, halafu wote wakakaa. Hakuna aliyethubutu kufungua sala, kwa kuwa tangu kanisa lianze hakuna aliyewahi kusali mbele za watu isipokuwa Asiyesaidiwa. Jua likazama, likachomoza, likazama tena. Waombolezaji wakamaliza mahindi ya mjane, wakamaliza na kuku, wakawa wanasogeza mikeka mbali kidogo na jeneza kwa sababu ambayo sihitaji kuitaja mbele ya chakula.

Habari zilipigiwa kelele kutoka ukingo hadi ukingo. Ambilikile alijifunga kamba kiunoni, akaingia katika maji ambayo yalikuwa yamemeza ng'ombe, akatoka upande huu akivuja damu magotini. Watu wakaanza kushangilia. Bupe akawanyamazisha kwa mkono, akamwendea.

"Mchungaji, mume wangu ameharibika mbele ya wanawe tukikusubiri wewe," alisema. "Ndugu zake wanasema wangekuwa wamemzika jana kwa mila zao. Nikawakatalia. Nimewakatalia kwa ajili ya nini?"

Shujaa wetu, aliyebeba gogo, alikwenda kusimama penye jeneza. Aliona aibu, na ninaisema wazi kwa sababu yeye mwenyewe aliisema wazi. Alizika, kisha juu ya udongo mbichi akatamka: "Kosa ni langu. Nimewajengea nyumba, sikuwafundisha kukaa ndani yake. Tofali za ng'ambo zingoje. Mlima wa tatu ungoje. Kuanzia leo nafundisha watu, na mama Bupe ndiye wa kwanza."

Bupe alikataa, akaitwa tena, akakubali. Ilipofika Jumapili yake, Ambilikile alikwenda kukaa benchi la nyuma. Bupe alianza wimbo juu mno, sauti zikakatika njiani. Mbwa akaingia, akalala madhabahuni. Shingo zote zikageuka kumtafuta mchungaji. Naye akatazama viatu vyake. Alisema baadaye kwamba gogo lilikuwa jepesi kuliko benchi lile. Bupe akaanza upya, chini kidogo, na kanisa zima likamfuata.

Miaka ikapita. Ng'ambo wakafundishwa, wakajenga wenyewe, wakaenda wenyewe mlima wa tatu. Na msimu mmoja wa masika, mto Lusiba ukiwa umefurika vilevile, Ambilikile mwana wa Mwaisumbe alifariki kitandani pake, mkono wake ukiwa katika mkono wa Tusekile. Askofu na wachungaji wenzake walikwama ng'ambo na majoho yao. Watu wa Lugombo hawakumsubiri yeyote. Rimu liligongwa, jeneza likabebwa na mabega mengi, na Bupe, mzee sasa, akafungua sala kwa sauti iliyosikika ukingo wa pili. Maji yalipopungua, wakubwa walikuta kaburi limeanza kuota majani na watu wako shambani.

Ndiyo maana kwetu boriti haibebwi na mtu mmoja, hata anayeiweza. Na ndiyo maana mchungaji mpya akiletwa Lugombo, kama huyu wetu wa leo anayetabasamu bila kujua linalomjia, kabla hajaonyeshwa mimbari huonyeshwa benchi la nyuma.

Baba Mchungaji, ni lile pale. Karibu ukae.