Kiboko Alivyonunua Mashine ya Upepo

Psssss.

Mmeisikia? Ilisikika usiku mmoja huko mbugani, sauti moja tu, ndefu na nyembamba, kisha kimya. Aliyeisikia ndiye mwenye hadithi hii. Lakini kabla sijamfuata, tuamkiane kwanza. Nikisema pancha, ninyi semeni ziba.

– Pancha.

– Ziba.

– Pancha ya mkubwa.

– Ziba polepole.

– Pancha ya mdogo.

– Aizibe mwenyewe.

– Basi sogeeni. Gundi imeshika, hadithi ingali mbichi.

Walikuwapo Nguchiro na Kiboko. Nguchiro alikuwa fundi, mnyama mdogo mwenye mkia mrefu na macho yasiyotulia. Kiboko alikuwa Kiboko, tumbo mbele na mdomo mbele ya tumbo. Wawili hawa walikuwa na pikapu moja kuukuu. Kiboko alileta bodi. Nguchiro alileta injini, akaifungua, akaisafisha, akaifunga, mpaka ikakohoa, ikapiga chafya, ikawaka. Wakawa wanazunguka nayo barabara nzima ya mbugani, wakitengeneza magari ya wanyama yaliyokwama. Nyati amepata pancha, wao hao. Pundamilia amekatikiwa mkanda, wao hao.

Na kazi waligawana hivi. Nguchiro akipiga jeki, Kiboko akipiga soga. Nguchiro akijaza upepo, Kiboko akijaza tumbo. Ujira ulikuja kwa matikiti na miwa, na Kiboko aliupokea wote kwa mikono miwili. Nyama ya tikiti aliila yeye, ganda akampa Nguchiro.

"Bwana mkubwa," Nguchiro aliuliza kila jioni, "na mimi utanitaja lini?"

"Kesho," Kiboko alijibu, akifuta mdomo. "Kula ganda lako ulale."

Sasa ijueni desturi ya barabara ile. Fundi wa kule hakuwa na jina mpaka mshirika wake amtaje mbele ya mashahidi. Akishatajwa, gari ni la wote wawili na tikiti linakatwa katikati. Asipotajwa, yeye ni kijana wa kazi tu, na siku yoyote anaweza kuambiwa, "Shuka." Injini itabaki, yeye atatembea. Hata wateja hawakuruhusiwa kumwita jina kabla ya mshirika. Walimwita fundi. Kiboko yeye alimwita wewe.

Jina alikuwa nalo, alipewa na mama yake, jina fupi lenye mdundo. Kila usiku kabla ya kulala alijinong'onezea jina hilo mwenyewe, lisije likapata kutu. Mimi nami ni mtu wa desturi. Kiboko hajamtaja, kwa hiyo sitamtaja.

Basi usiku ule Nguchiro alikuwa amelala chini ya pikapu kama kawaida yake, na Kiboko amelala juu ya pikapu kama kawaida yake. Nguchiro amekwisha kunong'ona jina lake, usingizi unamjia, ndipo akasikia psssss. Tairi la nyuma, upande wenye tumbo. Akaamka, akachukua pampu ya mkono. Fyuu, fyaa. Fyuu, fyaa. Fyuu. Pampu ikachanika ngozi yake ya ndani, ikafa mikononi mwake.

Nguchiro alikaa kando ya tairi lililolala, akafikiri. Kesho kutwa Tembo angepita na lori la chumvi, chumvi ya mbuga nzima. Tembo alikuwa ametangaza kwamba fundi atakayeweza kujaza matairi yake ndiye atakayetengeneza magari yake yote. Kwa mkono, matairi yale hayajai. Lazima inunuliwe mashine ya upepo, ya kukaa juu ya gari na kwenda nalo. Nguchiro akafikiri tena, na safari hii akatabasamu.

Asubuhi wakaazima pampu kwa Ngiri, wakafika njiapanda kwenye duka la Kobe.

"Shikamoo, mzee," alisema Nguchiro.

"Marahaba. Semeni polepole, nina siku nzima."

"Nataka mashine ya upepo," alisema Kiboko. "Kubwa."

"Kubwa kwa gari gani?"

"Hilo hapo nje."

Kobe akatoa shingo, akaitazama pikapu, akairudisha shingo. "Gari lako linabeba nini zaidi?"

"Linanibeba mimi."

"Mimi ningeanza na gari kabla ya mashine," alisema Kobe. "Mbebwaji hamchagui mbebaji. Halafu ningeuliza mashine inakunywa nini. Halafu ningeuliza—"

"Mzee, nimekuja kununua au kuoa?"

Kobe akaonyesha alichokuwa nacho. Palikuwa na mashine nyekundu yenye injini yake yenyewe na mtungi kama pipa la maji. Ukiiwasha, gurugurugurudum, vikombe vya duka vinacheza rafuni. Na kando yake, juu ya gunia, palikuwa na kidude kidogo cha chuma, ukubwa wa kibuyu cha uji. Hicho hakikuwa na injini. Kinafungwa chini ya boneti, kinavutwa kwa mkanda na injini ya gari lenyewe. Gari likiwaka, upepo upo. Hakichoki upesi, wala hakili nafasi.

"Anayenunua hii nyekundu," alisema Kobe, "nampa hicho kidogo kuwa nyongeza. Duka langu halitoi mteja bila nyongeza."

Moyo wa Nguchiro uliruka kama panzi. Lakini alimjua mwenzake. Kiboko hakupenda tikiti kwa sababu ni tamu, alilipenda kwa sababu mwingine amelitazama. Basi Nguchiro akakigeuzia kidude mgongo, akaikumbatia ile nyekundu.

"Bwana mkubwa, hii ndiyo mashine. Mlio huu utafika mpaka mtoni. Watasema, nani huyo? Wataambiwa, Kiboko huyo."

"Nani amekuomba ushauri?"

"Hakuna. Ila nakusihi jambo moja tu. Hicho kidude mwachie mzee. Usije ukanipa mimi kiwe changu. Mafundi wenzangu wakiniona nacho watanicheka mpaka mkia uninyauke."

Kiboko akageuka. Macho yake madogo yakang'aa. "Watakucheka?"

"Watanitungia wimbo."

"Mzee Kobe," alisema Kiboko, na sauti yake ilijaa duka zima, "uwe shahidi. Nyekundu ni yangu. Kidude ni chake yeye huyu, chake kabisa, sikitaki wala sikijui. Atembee nacho wamwone."

"Nimeshuhudia," alisema Kobe.

"Bwana mkubwa, umeniua," alisema Nguchiro. Akainama akachukua kidude chake, ameshusha mkia, na mtu aliyemwona usoni alikuwa ni Kobe peke yake.

Mashine nyekundu ikapandishwa nyuma ya pikapu. Springi zikalia, nyeee. Kiboko akapanda kando yake. Springi zikalia tena, nyeee-eee, na pua ya pikapu ikatazama mawingu. Walipofika nyumbani, Nguchiro akafungua boneti na kuanza kazi, spana kushoto, spana kulia.

"Unafanya nini humo, wewe?"

"Nakitafutia kidude mahali pa kulala, bwana mkubwa. Nje kitanitia aibu."

"Hata humo aibu itakufuata," alisema Kiboko, akarudi kwa mashine yake. Aliiwasha asubuhi ile ile ili Pundamilia asikie. Aliiwasha mchana ili Nyati asikie. Aliiwasha jioni, wala hapakuwa na tairi la kujaza, ili aisikie mwenyewe. Gurugurugurudum. Na kila ilipolia ilikunywa, na ilikunywa petroli. Pikapu ilikunywa dizeli. Wawili hao hawakuwahi kunywa katika kikombe kimoja, na hilo ndilo swali ambalo Kobe alilitaja asisikilizwe.

Siku ya Tembo ikafika, nayo ilikuja na mawingu. Ujumbe ulisema lori limekwama chini ya kilima, tairi moja limelala, na chumvi imerundikwa mpaka juu bila turubai. Wanyama wote walikuwa wametoka na vikapu vyao wakingoja. Mvua ikitangulia, chumvi itakwenda na mto.

Pikapu ikaondoka. Nguchiro mbele ameshika usukani, Kiboko nyuma amekumbatia mashine yake kama bwana harusi. Nyeee, zikalia springi. Nyeee, kwenye mawe. Nyeee, kwenye mchanga. Kilima kikaonekana, lori likaonekana, vikapu vikaonekana, na Kiboko akainuka kuwapungia watu mkono.

Pah. Psssss.

Tairi la nyuma, upande wenye tumbo. Pikapu ikasimama pale pale, ubavuni mwa lori, mbele ya mbuga nzima.

Hakuna aliyecheka. Fisi alikaribia kucheka, akakanyagwa mguu.

"Karibu, Kiboko," alisema Tembo taratibu. "Naona umekuja kutengeneza, umeanza na lako."

"Jambo dogo," alisema Kiboko. "Subirini msikie mlio." Akavuta kamba ya mashine nyekundu. Guru. Akavuta tena. Guru, kh. Akavuta mpaka jasho likamtoka masikioni. Kh.

"Imekauka," alisema Nyati, ambaye alikuwa ameisikia siku nzima iliyopita. "Si ndiyo uliyokuwa ukitutumbuiza nayo jana?"

"Tembo, nipe mafuta."

"Lori langu ni la dizeli."

"Wewe," Kiboko alimwambia Nguchiro, "nyonya ya kwenye pikapu."

"Nayo ni dizeli, bwana mkubwa."

Ngurumo ikapita mbali, nyuma ya kilima. Nguchiro akashuka bila haraka. Akapiga jeki, akavua tairi la pikapu, akaung'oa msumari uliokuwa umekaa ndani, akaziba. Kisha akawasha injini na kufungua boneti. Humo ndani, kando ya injini, kidude kilikuwa kinafanya kazi yake bila kelele. Tuku, tuku, tuku. Mpira wa upepo ulikuwa umekunjwa vizuri, mdomo wake umefungwa. Nguchiro akapanda ukingoni mwa boneti, akakaa, akautia mpira mapajani.

"Kumbe upepo upo," alisema Kiboko. "Haya, jaza."

Tuku, tuku, tuku.

"Wewe. Nasema jaza."

"Upepo huu ni wa nani?" aliuliza Nguchiro.

"Upepo ni wa Mungu."

"Upepo ni wa Mungu, mashine ni ya mtu," ilisema sauti kutoka chini. Wote wakatazama miguuni. Alikuwa Kobe. Aliondoka dukani siku ile ile walipoagana, kwa kuwa alijua pikapu itaishia wapi na alijua mwendo wake. "Nilikuwapo. Kiboko alisema kidude ni chake huyu, chake kabisa. Alisema hakitaki wala hakijui."

"Basi muombe mwenyewe," alisema Tembo.

"Namuomba. Wewe, nipe upepo."

Nguchiro akaukumbatia mpira wake. Hakukasirika wala hakununa. Alitazama mawingu kama mtu anayetazama chungu cha jirani kinavyochemka.

"Barabara hii," alisema Twiga kutoka huko juu, "mwenye mali haombwi kwa wewe. Anaombwa kwa jina. Nasi hatuwezi kumwita kabla yako, mshirika wake ni wewe."

"Kijana," alijaribu Kiboko.

Tuku, tuku.

"Fundi."

Tuku, tuku.

"Fundi mzuri, mpole, mwana wa watu."

"Huyo simjui," alisema Nguchiro.

Tone la kwanza likaanguka. Lilimwangukia Kiboko puani, la pili likaangukia chumvi, na pale lilipoanguka pakatokea kishimo. Wanyama wote walikiona kile kishimo. Kisha wakamgeukia Kiboko, wote pamoja, na vikapu vyao vitupu. Kiboko akaitazama mashine yake nyekundu, akaitazama mbuga nzima iliyosimama kuwa shahidi. Nguchiro akashika mdomo wa mpira wa upepo, akaacha kutazama mawingu, kwa maana aliyemtaja mara ya mwisho kwa sauti alikuwa mama yake.

Kiboko akafungua kinywa.

Na hapo, jamani, na mimi nafungua changu nitoe mafunzo, maana hadithi bila mafunzo ni tairi bila upepo. Yashikeni. Ukienda kununua mashine ya upepo, nunua iliyo kubwa kuliko zote. Usilitazame gari, gari lipo litazoea. Usiulize inakunywa nini, ni utovu wa adabu. Isikilize mlio tu, kwani tairi hujazwa na mlio. Mshirika wako mpe ganda la tikiti, lina vitamini, na jina lake usilitaje kamwe, utamharibu. Mkiyafuata haya mtatajirika kama Kiboko, ambaye hadi leo anashinda mtoni akipuliza maji kwa pua, akijaribu mashine.

– Pancha.

– Imezibwa.

– Chumvi.

– Ilifika kavu.

– Tikiti.

– Likakatwa katikati.

– Mwenye kidude.

– Hujatuambia jina.

Sikuwaambia kwa kuwa hakuwa ametajwa. Sasa nyamazeni mumsikie. Kiboko alifungua kinywa, matone yakiongezeka, akasema polepole, kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake:

"Naomba upepo, mshirika wangu, Chande."