U ya Siwema

Paukwa.

"Pakawa."

Wa huko nyuma sijawasikia. Paukwa.

"Pakawa, Bibi."

Haya, sogeeni motoni. Kombo, mwache nduguyo. Ngano ya leo huniudhi kila nikiisimulia, lakini nitaisimulia.

Hapo kale, wanyama walipokuwa na miji yao, palikuwa na mji ukiitwa Mkinduni, kwa sababu mikindu ilijaa kando ya mto wake. Mtawala wake alikuwa Bi Kiboko, ambaye alishinda majini. Mambo ya nchi kavu alimwachia msimamizi wake, Bwana Nyani. Huyu Nyani alikuwa na darasa, lakini la watoto wa wakubwa tu. Watoto wa mashimoni na mapangoni, kina pimbi, kina nungunungu, kina kobe, kazi yao ilikuwa kumbebea ndizi.

"Bila kusoma, Bibi?"

Bila kusoma hata herufi moja, Mize.

Bi Mnana, yule ndege mdogo wa manjano anayesuka viota, akaona hili si jambo la kunyamaziwa. Akawakusanya watoto hao ukingoni mwa mto. Miongoni mwao alikuwamo mtoto wa pimbi, jina lake Siwema, mdogo kuliko wote, mwenye haya hata ya kutaja jina lake.

"Leo tunajifunza U," alisema Bi Mnana. "U ya udongo. Chukueni udongo, uviringeni uwe kama mkia. Sasa tazameni mdomo wangu unavyochora: shuka, pinda, panda. U."

Watoto wakafinyanga. Shuka, pinda, panda. U. Siwema alifinyanga ya kwake, akalamba vidole vyake, akacheka. Wakazianika juani, wakakaa kuzilinda.

Akaja Bwana Nyani.

"Nini hiki?"

"Ni herufi, bwana," akajibu Bi Mnana. "Wamezitengeneza watoto."

"Herufi hukaririwa. Huu ni uchafu." Akaweka mguu juu ya ya kwanza, akaisaga. Akaweka mguu juu ya ya pili. Alikwenda polepole, moja baada ya moja, hata ya Siwema, na watoto wakitazama.

"Hana adabu huyo."

Hana, Kombo. Na watoto walipokimbia nyumbani wakilia, wazazi walisemaje? Walisema, "Nyamazeni. Bwana Nyani ni mkubwa." Mama yake Siwema alimfuta machozi mwanawe, naye akasema vivyo hivyo, "Nyamaza, mwanangu."

Bi Mnana hakulala na hasira zake. Asubuhi akawaita tena. "Leo ni U ya ukindu," akasema. Akachana majani ya mkindu, akawafundisha kusuka. Jani juu, jani chini, jani juu, jani chini, mpaka mkanda ukawa mrefu. Kisha wakaukunja: shuka, pinda, panda. U. Za udongo zilikuwa zimevunjika, lakini hizi hazivunjiki. Wakazitundika mtini, upepo ukazichezesha, na Siwema akawa anapita chini yake akisoma moja moja, "U. U. U."

Akaja Bwana Nyani. Alizitungua zote akaondoka nazo. Kesho yake watoto walipoitwa kubeba ndizi, wakaona kila mkungu umefungwa kwa herufi zao, zimenyooshwa na kupigwa mafundo.

Siwema aliitambua herufi yake kwenye mkungu mmoja. Akaubeba mkungu huo kichwani, mlima mzima.

"Mama yake alisemaje?"

Alisema, "Nyamaza." Lakini safari hii alilisema neno hilo akimgeuzia mwanawe mgongo.

Basi Bi Mnana akaleta kitambaa kimoja kikubwa, na sindano, na nyuzi. "U ya uzi," akasema. "Kila mmoja atashona ya kwake." Wakashona siku nyingi. Shuka, pinda, panda. Siwema alijichoma kidole, herufi yake ikapinda upande, akataka kuifumua. Bi Mnana akamwambia, "Iache. Inasomeka."

Akaja Bwana Nyani, na fimbo.

"Kuanzia leo hakuna darasa hapa," akasema. "Mtoto wa pimbi akijua herufi, nani atanibebea ndizi? Na hiki kitambaa kitanifaa kufunika kigoda changu."

Akakishika. Siwema akakishika upande wa pili.

"Achia."

Siwema hakuachia. Alikiuma kwa meno, macho ameyafumba, miguu ikiburuzika mchangani. Nyani akainua fimbo.

Fimbo haikushuka. Mama yake Siwema alikuwa anateka maji hapo jirani. Alitupa mtungi, akaja akasimama kati yao, yeye aliyekuwa hawezi kumtazama Nyani usoni.

"Ulikanyaga udongo wao, nikanyamaza," akasema kwa hasira. "Ukafunga ndizi zako kwa kazi yao, nikanyamaza tena. Nilimnyamazisha mwanangu kwa ajili yako. Sasa shusha hiyo fimbo, twende kwa Bi Kiboko."

Mama nungunungu akatoka shimoni mwake, miiba imesimama. Baba kobe akaja, taratibu, lakini akaja. Wakamzunguka Nyani, wakaenda naye mpaka penye kina cha mto, Siwema akifuata na kitambaa.

Bi Kiboko akatoa kichwa majini. "Kosa gani?"

"Hawa wanacheza tu," alisema Nyani. "Wanapoteza wakati."

Bi Kiboko akakitazama kitambaa. "Mtoto, hiki ni nini?"

Siwema aliinua uso. "Ni U. Hii iliyopinda ni yangu. Mimi naitwa Siwema."

Bi Kiboko akamgeukia Nyani. "Nilikukabidhi mji, ukawachagua watoto wa kufundishwa na watoto wa kubebeshwa. Usimamizi umekwisha. Ndizi zako utabeba mwenyewe. Na mimi nina kosa, kwa kuwa sikutoka majini kutazama."

Nyani akaondoka akinung'unika. Msamaha hakuomba, na sitawadanganya kuwa aliomba.

Watoto wakarudi ukingoni. Mama yake Siwema akaketi kando ya mwanawe, akachukua sindano. "Nionyeshe," akasema. Siwema akamshika mkono, wakashona pamoja: shuka, pinda, panda.

Basi wanangu, nanyi mtakuwa wakubwa. Mtoto akikuonyesha alichokitengeneza kwa mikono yake, kitazame. Na mtu akikikanyaga, usimwambie mtoto anyamaze. Mwambie huyo mtu aondoe mguu.

Ngano yangu naikomesha hapo.