Kwa Nini Mitungi ya Lukindi Ina Alama ya Dole Gumba

Zamani, wajukuu, mitungi yetu ya Lukindi, huku kando ya Ziwa Nyasa, haikuwa na alama yoyote chini. Ya nini? Kijiji kizima kilijua mkono wa kila mfinyanzi.

Siku hizo Tusajigwe, binti wa marehemu Subilaga, aliitwa Ulaya kuonyesha ufinyanzi katika jumba la makumbusho. Siku nne alifinyanga mbele ya watu waliompigia makofi, hata mgongo ukamuuma. Siku ya tano, akitafuta pa kuketi, akauona mtungi ndani ya kabati la kioo.

“Huu ni wa mama yangu,” alimwambia mkalimani. “Mama alikuwa na mashoto. Tazama mistari inavyolala kinyume. Aliutoa zawadi kwa mgeni mmoja mchoraji.”

Mkalimani akamsomea karatasi iliyobandikwa pale: Mtungi wa kale. Afrika Mashariki. Mfinyanzi hajulikani.

Msimamizi wa jumba akaitwa. Alisikiliza kwa adabu, akaandika, kisha akauliza ushahidi uko wapi. Tusajigwe akaomba atie mkono ndani, apapase palipopita vidole vya mama yake. Akakataliwa, vitu vya kale haviguswi.

“Vya kale?” alisema. “Kuni za kuuchomea nilizisenya mimi.”

Akaahidiwa barua. Akarudi nyumbani, akaingoja. Haikuja mwaka wa kwanza, wala wa tatu.

Asubuhi moja shangazi yake alimkuta ameketi mbele ya udongo uliokwisha kukauka.

“Mwanangu, ni uchovu gani huu usioisha?”

“Nilimwona mama kule, shangazi. Hawamjui.”

Shangazi alichota maji, akaulowesha ule udongo, wakaukanda pamoja. Mtungi ulipokamilika, Tusajigwe akaulaza, akabonyeza dole gumba chini yake, akatamka, “Tusajigwe, binti Subilaga.” Sauti ilikuwa ya mtu aliyechoka, lakini majirani waliisikia.

Na tangu siku hiyo, hakuna mwanamke wa Lukindi apelekaye mtungi motoni kabla hajaubonyeza na kulitaja jina lake na la mama yake. Wageni wengine hudhani alama ile ni kasoro, wakaomba wapewe mtungi mwingine. Tunawapa. Nao una dole gumba.