Viti Vitatu vya Mama Mmoja

Sogeeni karibu, na mwenye simu aizime, maana hadithi yangu haina matangazo katikati. Nawaambia mapema kwamba mwisho wake sinao. Nimeutafuta mpaka nimechoka, ndiyo maana nimeuleta kwenu.

Palikuwa na mama mmoja wa Korogwe, jina lake Mwanamvua. Lishikeni nyinyi jina hilo, kwa sababu mtaani kwake hakuna aliyelishika. Siku alipojifungua mtoto wa kwanza, Hoza, akawa Mama Hoza. Sokoni Mama Hoza, msibani Mama Hoza, hata mumewe akiomba maji ya kunywa alisema, "Mama Hoza, nina kiu." Ndivyo tulivyo sisi. Mwanamke akishazaa, jina lake tunalikunja na kuliweka sandukuni pamoja na nguo za harusi.

Mumewe, Mzee Mbaruku, alikuwa mshika bendera wa reli. Kazi yake ilikuwa kusimama kwenye stesheni ndogo na kuipa treni ruhusa ya kupita. Leo Mombo, mwezi ujao Mnyusi, nyumbani mara mojamoja. Alikuwa mtu mpole, wa maneno ya kuhesabika. Akirudi alikula, akakaa barazani, akamtazama mkewe akipepeta mchele, basi. Walijaliwa watoto watatu, na kila mmoja alikuja duniani na chake.

Hoza alikuja na jicho. Mbuzi akipotea kilimani, watu wazima huinama kutafuta nyayo, yeye husimama mlangoni tu na kunyoosha kidole: "Yule pale, nyuma ya kichaka, sikio limechomoza." Alipokua, jicho hilo akalipeleka kwenye kamera.

Mwanne, wa pili, alikuja na sikio. Ungefika kwao na kandambili zako, kabla hujabisha hodi angesema ndani, "Ni shangazi, na leo goti linamsumbua." Alipokua akaajiriwa redioni kurekodi sauti za watu.

Mgaza, kitindamimba, alikuja na mdomo, na miguu ya kuufikisha mdomo huo mbali. Ukimtuma chumvi anarudi jioni, chumvi hana, lakini anajua nani kaposwa, nani kahama, na aliyehama kamkimbia nani. Watu walimwambia mambo yao wenyewe bila kuulizwa mara mbili. Alipokua, mama yake alikuwa hajui leo yuko mkoa gani.

Sasa sikilizeni kila mmoja alimfanyia nini baba yake, na msiwe na haraka ya kuchagua upande.

Mwanne alikuwa wa kwanza. Enzi hizo mzee yu mzima, bado kazini, na Mwanne ana kinasa sauti chake kipya. Likizo nzima alimfuata baba yake stesheni, akamrekodi. Alimrekodi akipiga mluzi, akimkaripia mbuzi aliyelala relini, akisimulia mvua iliyobomoa daraja. Hata nyumbani alimrekodi, akiongea uani, hata akikohoa. Watu walimcheka: "Msichana mzima anarekodi kikohozi!" Hakujali. Picha hakupiga hata moja, maana hilo halikuwa lake.

Hoza akafuata. Mzee alipostaafu alipata kiharusi, na ulimi ukafa. Hoza aliacha kazi yake Dar es Salaam akarudi Korogwe, akamwogesha, akamlisha uji, akamgeuza kitandani asipate vidonda. Katikati ya hayo alimpiga picha za video. Alichukua uso wa mzee jua likimwingia dirishani, vidole vyake vikitafuta ukingo wa shuka, macho yake yakimfuata mkewe akipita na ndoo. Neno hakunasa hata moja, maana halikuwapo tena.

Mgaza akaja mwisho. Kusema kweli alichelewa, akakuta kaburi. Hakuwa na sura wala sauti ya kuhifadhi. Basi akachukua simu yake ya kurekodia, akashika njia ya reli, stesheni hadi stesheni, pengine kwa miguu mahali treni haisimami tena, akiuliza: "Mlimjua Mbaruku?" Wakamwambia walimjua. Wauza mihogo, wakata mkonge wastaafu, mjane aliyekuwa akimpikia, wote walimweleza habari za Mbaruku ambaye nyumbani hakuna aliyemjua: mcheshi, mwimbaji, asiyechoka kumsifu mkewe.

Watoto wa namna hiyo, mngedhani, wangekaa pamoja na kumlilia baba yao. Thubutu! Siku ya arobaini, watu wakiwa hawajamaliza pilau, Hoza aliwageukia wenzake akauliza, "Mlikuwa wapi?" Mwanne akamjibu, "Nilikuwa naye wakati anaongea. Wewe umemjua akiwa bubu." Mgaza akasema, "Nyote wawili hamkumjua." Kila mmoja akachukua begi lake. Tangu siku hiyo hawajaketi chumba kimoja.

Aliyebaki na nyumba ni mama. Alikuwa mpweke, tusizungushe maneno. Wanawe walimpenda, walimpigia simu, lakini kila mmoja kwa siku yake. Idi zilikuwa mbaya zaidi. Hoza alifika asubuhi, akala, akaondoka kabla ya adhuhuri. Mwanne aliulizia kwa jirani kwanza kama njia ni nyeupe, ndipo akaingia mchana. Mgaza alifika jioni. Mama Hoza alipakua mara tatu, akaosha vyombo mara tatu, na kila mara mlango ulipofungwa alisimama na kitambaa mkononi akisikiliza kiti kilichoachwa wazi, kana kwamba kitasema kitu. Angetoa chochote awaone wote watatu wakigombania paja moja la kuku.

Ndipo likaja tamasha la filamu pale Tanga mjini. Si filamu za kuigiza, hapana. Ni zile za hali halisi, za watu wa kweli na maisha yao ya kweli, ambazo hakuna anayejifanya kufa halafu akaenda kula chipsi. Zilikuja nyingi: za wachimba chumvi, za mabaharia wastaafu, hata moja ya mwanamke anayefuga nyuki. Anayetaka kujua akatazame nini alipewa ratiba akaisoma mpaka macho yakamuuma.

Na watoto wa Mbaruku, bila kuambiana, kila mmoja alipeleka filamu kuhusu baba yake. Ya Hoza ilikuwa uso mtupu, bila neno. Ya Mwanne ilikuwa sauti tupu, na kwenye kitambaa cheupe cha kuonyeshea filamu ni giza na reli tu. Ya Mgaza haikuwa na uso wala sauti ya mzee, ila watu wa stesheni wakimsimulia. Zote zikakubaliwa.

Sasa tazameni tulivyo na mambo. Hoza alijiandika kwa jina la baba. Mwanne alijiandika kwa jina la babu, kama walimu walivyomwandika shuleni. Mgaza alijiandika kwa jina la babu mzaa mama, aliyempenda sana. Kila mmoja aliomba mama yake awekewe kiti cha mbele. Hoza alisema kiandikwe "Mama Hoza". Mwanne akasema "Mama Mwanne". Mgaza, aliyesikia kule stesheni jina ambalo nyumbani halitajwi, akasema "Bi Mwanamvua". Waandaaji wakahesabu wazee watatu, wajane watatu, familia tatu. Wakaona isiwe taabu, mtazamaji wa mambo ya baba atachagua mwenyewe. Wakazipanga siku moja, saa moja, kumbi tatu. Kila filamu itaonyeshwa mara moja tu, na ikishaanza mlango unafungwa.

Mama Hoza alipopata habari alimpigia Hoza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, waombe wakusogeze saa."

"Wasogezwe wao, mama. Mimi ndiye niliyekuwa pale. Nawe ulikuwapo. Tuligeuza mwili wake mimi na wewe, wengine hawakuwapo. Nani mwingine atajua kile ninachoonyesha? Usipokaa pale, nitakuwa nimemtazama baba akifa peke yangu."

Akampigia Mwanne. Mwanne akasema taratibu, "Mama, tangu nizaliwe, umewahi kuitwa kwa jina langu?"

"Mwanangu, hiyo ni desturi tu."

"Najua ni desturi. Sikulaumu. Nataka siku moja tu, kwenye kiti kimoja, uwe Mama Mwanne. Na baba anakuita mle ndani. Yuko uani, anakuita uje uone mwezi ulioandama. Nimeisikiliza mara nyingi, na kila mara hakuna anayeitikia."

Mama aliaga, akakata simu. Sauti ya mumewe alikuwa ameanza kuisahau, na jambo hilo hakuwa amemwambia mtu. Sura anayo ukutani. Lakini sauti inatoweka kidogokidogo, mpaka siku moja unajaribu kumkumbuka mtu akisema "nina kiu" na unasikia sauti yako mwenyewe.

Mwisho alimpigia Mgaza, akitumaini huyu mdogo atakuwa laini.

"Mama, wao wana baba ambaye unamjua," Mgaza alisema. "Uso wake umeutazama miaka yote, sauti yake umeishi nayo. Mimi nina yale aliyokuwa akisema kuhusu wewe ukiwa hupo. Kule Mnyusi wanajua unavyotia iliki kwenye chai. Wanajua wimbo uliokuwa ukiimba siku alipokuona mara ya kwanza. Wanakuita Mwanamvua, mama, kama wanakujua."

"Mbona kwangu hakusema?"

"Ndiyo uje usikie. Mimi sikumzika baba. Kitu pekee nilichomletea ni hicho, nacho nimemletea kupitia kwako."

Nawaona mnavyonitazama. Wewe kule nyuma unataka kusema, si ampe kila mmoja robo saa? Nimeshasema mlango unafungwa. Na wewe unataka kusema, si atazame nakala nyumbani baadaye? Nakala ameshaahidiwa zote tatu. Hapo haigombewi filamu, anagombewa yeye. Kila mtoto atakuwa amesimama mbele ya ukumbi wake akitazama kiti kimoja, na kikiwa kitupu, atajua mama ameketi kwa mwingine.

Msiseme pia awaambie wapatane. Aliwaambia mpaka sauti ikakauka. Kila mmoja alijibu kwamba yeye hana ugomvi na mtu.

Siku ikafika. Mama Hoza alivaa leso mpya, akapanda basi peke yake, akafika Tanga mapema mno, akakaa kwenye benchi la nje ya kumbi akitazama watu. Watu walikuwa wawiliwawili, watatuwatatu, wakichekeana, wakibishana nini cha kutazama kwanza. "Twende ya nyuki!" "Ya nyuki kesho ipo!" Kwao lilikuwa jambo jepesi. Alijaribu kukumbuka lini mara ya mwisho alibishana na mtu juu ya jambo jepesi, akashindwa.

Muda ulipowadia akasimama kwenye korido. Mbele yake milango mitatu ilikuwa wazi. Kupitia wa kwanza alimwona Hoza akipangusa kiti kwa kiganja cha mkono, kama alivyokuwa akipangusa mto wa baba yake. Kupitia wa pili alimwona Mwanne amefumba macho, amegeuza sikio kuelekea mlangoni, na alijua binti yake anatafuta mwendo wa viatu vya mama katikati ya viatu vya watu. Kupitia wa tatu alimwona Mgaza, yule mwenye maneno, akimwambia kila anayeingia kwamba kiti kile kina mwenyewe. Aliwatamani wote watatu. Aliona uchungu kwamba wako karibu hivi, kuta mbili tu baina yao, na hakuna anayejua jinsi mwenzake anavyosubiri.

Akafikiri ageuke, arudi stendi. Kisha akaifikiria nyumba yake, viti vyake, sufuria lake kubwa la Idi. Ukitaka kusema bora angerudi nyumbani, niambie kwanza, huko nyumbani kuna nani?

Msichana wa kupokea wageni akamsogelea, mchangamfu, kadi ya tamasha imening'inia shingoni.

"Shikamoo mama. Umewekewa kiti?"

"Marahaba, mwanangu. Nimewekewa."

"Basi nitajie jina nikupeleke upesi, tunafunga milango. Wewe ni nani?"

Mama yule akafungua mdomo.

Hapo ndipo ninapoishia mimi. Hoza alimtunza baba pumzi zilipokuwa zikimwisha. Mwanne alimhifadhia pumzi zenyewe. Mgaza alirudisha yale mzee aliyoyasema zamani kwa pumzi hizo na yakakosa kufika nyumbani. Ukimtoa mmoja, mzee hakamiliki, na mama hawezi kukaa ila kwenye kiti kimoja. Kila jina analoweza kulitaja ni lake kweli, na kila moja litawaacha wawili wakitazama kiti kitupu.

Msichana anasubiri na taa zinazimwa. Haya, jibuni nyinyi: angetaja jina gani? Na ungekuwa wewe ndiye mama, ungetaja lipi?