Nguchiro Yuko Hewani

Njooni karibu. Karibu zaidi. Wewe wa nyuma funga mlango, na huyo mwenye kikohozi akohoe sasa amalize.

Kabla sijafungua mdomo wangu, apeni. Nyanyueni mikono, semeni: "Bibi, sitamwambia mtu." Mama yako? Hata mama yako. Jirani? Hasa jirani! Maana jambo hili niliambiwa kwa siri, na aliyeniambia aliniapisha, nami nikaapa vizuri, mikono yote miwili juu. Nikalihifadhi moyoni tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Siku nzima hiyo, mtu akitaka kuhesabu. Tangu hapo nimewaambia wachache tu: wale wa kisimani, wale wa sokoni, na wale tuliokaa nao meza moja harusini juzi. Basi sikilizeni.

Hapo zamani za kale, ila si za kale sana kwa kuwa redio ilikwisha kuwapo, wanyama wa Bonde la Mkwaju walikuwa na nyumba zao na vituko vyao kama sisi. Kila nyumba ilikuwa na baraza mbele na jiko la nje huko nyuma. Redio ilikaa barazani. Sufuria ilikaa jikoni.

Mtangazaji wa Redio Kichuguu alikuwa Nguchiro. Mdogo, mwembamba kama soksi iliyoanikwa. Lakini sauti! Nene, tamu, ya kukutuliza kitini. Ukimsikia bila kumwona ungefikiri ni bwana mmoja mwenye kifua na kitambi na mke wa pili.

Saa kumi na mbili kamili asubuhi redio ililia kwiiii-krrr! kisha yeye: "Amkaaaa usikie! Moja kwa moja kutoka studio, mimi wenu Nguchiro!"

Moja kwa moja. Hilo alilisema mara ishirini kila asubuhi. Mtu mkweli angelisema mara moja.

Alianza na mastaa. "Wapenzi, mmesikia? Tausi, nyota wetu wa taarabu, ameingia kwa mshonaji mara tatu wiki hii. Anapunguza gauni au anaongeza? Mimi simo!"

"Mwongo!" Tausi alipiga kelele barazani kwake. "Nimekwenda mara mbili tu!" Kisha akaongeza sauti ya redio, asije akakosa neno katika kusengenywa kwake.

Zikafuata siasa. "Mheshimiwa Mwenyekiti Tembo alituahidi kisima. Leo ahadi hiyo inatimiza miaka mitano, na bado ni nzima, haijaguswa hata na jembe! Tumpe makofi!"

Tembo, na ukubwa wake wote, akaitikia kwa kichwa mbele ya redio. "Kijana huyu ananisifu vizuri," alimwambia mkewe. "Tena kwa jina."

Mwisho zilikuja mila na desturi, na hapo Nguchiro alilainisha sauti kama sheikh wa kukodi. "Wazee wetu walitufundisha, wapenzi. Mnyama mwenye adabu hagusi cha mwenzake." Bonde zima likaguna: mmmh, kweli kabisa.

Kipindi kilichukua saa mbili, na muda wote huo hakuna aliyesogeza mguu. Mtoto alie, chungu kiungue, watu masikio yako redioni.

Sasa, Jumatatu moja, kipindi kilipokwisha, mke wa Nyati akaenda nyuma kuchukua uji. Yowe lililotoka huko!

"Nyati weee! Uji umekwenda wapi?"

"Uji hauna miguu, mama watoto."

"Basi njoo unionyeshe ulipolala!"

Sufuria ilikuwa tupu, imelambwa inang'aa, ungeweza kujitazama na kuchana nywele.

Jumanne yakamfika Tausi. Vitumbua kumi na viwili, fyuu! Naye maskini alikuwa amewatangazia watu kwamba asubuhi hali kitu, anatunza umbo, kwa hiyo hata kupiga yowe alishindwa. Alilia ndani ya mto.

Jumatano akaibiwa Mwenyekiti mwenyewe, viazi vikuu vya sufuria nzima. Hapo ndipo wizi ukawa jambo la taifa.

Alhamisi redio ikawaka moto. "Wapenzi, mwizi ni nani? Mimi jina silitaji. Nina heshima zangu. Ila ana madoa, anachechemea, na anacheka hata msibani. Jina silitaji!"

"Fisi!" likaitika bonde zima.

Wakaenda kumkamata. Walimkuta barazani kwa jirani yake, Bi Pimbi, bibi mdogo wa kimo, mnene kama mkate wa mofa, ulimi kama kisu cha kuparia samaki.

"Mnamtakia nini?" akauliza Bi Pimbi. "Huyu kila asubuhi yuko hapa. Redio yake imekufa, anasikiliza yangu. Siku zote tatu alikaa papo hapo, mpaka mkeka umeshika umbo lake."

"Bi Pimbi," alisema Tembo, "redio imesema."

"Redio haikutaja jina."

"Naam! Imemsitiri. Ungesitiriwa wewe kama hujafanya kitu?"

Kuna maneno hayana pa kuyashikia.

Fisi naye akajitetea. "Mwenyekiti, nimeiba mengi maishani, sikatai. Yule mbuzi wa harusi ya Kongoni nilikuwa mimi. Yale maini ya matanga kwa Ngiri, mimi pia. Lakini uji? Tangu lini mmeniona mimi na uji?"

"Amekiri!" akanguruma Nyati.

"Nimekiri mbuzi!"

"Anayekiri mbuzi hashindwi na uji. Mwenyekiti, andika!"

Wakaandika. Kesho yake, Ijumaa, Fisi, mkewe na watoto wao watatu wavushwe mto, wasikanyage tena bondeni. Huko ng'ambo hakukuwa na nyumba wala jamaa, ni mawe na upepo. Na hukumu isomwe redioni, maana Bonde la Mkwaju jambo lisilosemwa redioni lilikuwa halijatokea.

Mke wa Fisi alikunja mikeka huku machozi yakimdondoka. "Bi Pimbi, shoga yangu, huyu mdogo wa mwisho hata meno hajamaliza kuota. Nitamlaza wapi?"

"Usifunge mizigo yote," alimjibu Bi Pimbi. "Acha mkeka mmoja." Kusema kweli hakujua kwa nini amesema hivyo. Alitaka tu kusema kitu.

Ijumaa alfajiri wote wakajaa barazani na uwanjani kwa Tembo, mbele ya nyumba. Mke wa Tembo alipika sufuria kubwa ya pilau kusherehekea haki, akaiacha nyuma jikoni juu ya makaa. Wenyewe mnajua, watu hawawezi kumfukuza jirani na tumbo tupu. Fisi akasimamishwa katikati, mizigo kichwani, watoto wamemshika mkia. Na mvua! Mvua ilikuwa inamwagika, chwaaa, mifereji imejaa.

Kwiiii-krrr!

"Amkaaaa usikie! Moja kwa moja kutoka studio, mimi wenu Nguchiro! Hukumu ya yule bwana nitawasomea baada ya mastaa, siasa na mila, msiondoke! Lakini kwanza, loo, wapenzi! Tazameni anga lilivyo jeupe leo! Jua hilo, niko nalo hapa dirishani, hata wingu la dawa hakuna!"

Studio yenyewe ilikuwa pale pale kilimani, nyuma ya nyumba ya Tembo. Ungerusha jiwe ungevunja dirisha lake.

Grrru-ndu-ndu! ikapiga radi.

Tembo akatazama juu. Akatazama redio. Akatazama juu tena. Kisha, polepole, kwa heshima ya cheo chake, akafunga mwavuli.

Nyati akavua koti la mvua. Tausi akatandaza mkia wake wote ili upate jua, na maji yakawa yanachuruzika unyoya kwa unyoya.

"Mwenyekiti," akasema Bi Pimbi, "mvua inanyesha."

"Usianze ubishi wako asubuhi hii, bibi."

"Umelowa mpaka masikio. Na masikio yako si madogo."

"Huu ni umande," akasema Tembo, akapiga chafya, chyaaa! nusura Tausi apeperuke.

Kichwani mwa Bi Pimbi kitu kilikuwa kinageuka. Nguchiro yuko dirishani, na dirisha lake liko pale juu. Jua hilo analiona wapi? Jua la leo halipo. La jana jioni lilikuwapo, tena zuri sana.

Na ndipo akasikia sauti kutoka nyuma ya nyumba.

Kwangu. Kwangu. Kwangu.

Mwiko na sufuria. Wengine hawakusikia, walikuwa kwenye mshonaji wa Tausi.

Mwingine angepiga kelele: mwizi jikoni! Bi Pimbi hakuwa mjinga. Alijua watamjibu kwamba redio haijasema. Basi akajipenyeza katikati ya miguu ya wakubwa, akaifikia redio, akaibana kwapani, akakata kona mbio.

"Hee! Bi Pimbi! Rudisha redio!"

"Hajamaliza siasa!"

"Na mila! Na hukumu bado!"

Wakamfuata mbio, puta-puta-puta kwenye matope. Tembo mbele, Nyati, Tausi ameshika mkia wake kama kanga, na Fisi pia na mizigo yake kichwani, maana hata yeye alitaka kujua anafukuzwa saa ngapi.

Wakasukumana mlangoni mwa jiko, wakaingia wote kwa mpigo. Pwaa!

Nguchiro alikuwa amekaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi. Sufuria ipo katikati ya magoti. Mwiko mkononi. Wali kwenye sharubu, wali kwenye nyusi, na shavu moja limevimba nyama.

Na kwapani mwa Bi Pimbi: "...moja kwa moja kutoka studio, mimi wenu Nguchiro..."

Wa kwanza kusema alikuwa Nyati. "Si yeye," alisema. "Yeye yuko studio. Si mnamsikia?"

"Hilo ni kweli," akasema Tembo, kafarijika. "Huyu watakuwa wanafanana tu."

Nguchiro akatikisa kichwa haraka haraka kukubali kwamba wanafanana. Neno hakusema. Alijua neno moja tu la sauti ile lingemmaliza.

"Jamani!" Bi Pimbi alipiga paja. "Sauti si inanaswa kwenye kanda! Jioni anaijaza maneno, jua likiwaka. Asubuhi anaiwasha inajisemea yenyewe huko kilimani, yeye anazunguka majikoni mwenu, na ninyi mmekaa barazani mnachungwa kama mbuzi!"

"Ushahidi?" akauliza Tembo.

"Huyo ana mwiko!"

"Mwiko mtu yeyote anaweza kushika. Sema jingine."

Nguchiro akaanza kuinuka taratibu, mgongo ukutani, jicho moja kwenye dirisha dogo la moshi. Angepona. Kwa jina la Mungu, wajukuu zangu, angepona kabisa, na Fisi angevuka mto siku ile ile.

Lakini redio ikaendelea: "Na sasa, wapenzi, mila na desturi. Leo nawauliza swali dogo. Ukifika mlangoni kwa mtu, kabla hujaingia, mnyama mwenye adabu husema nini?"

Kanda ikanyamaza kidogo. Ndivyo alivyozoea siku zote, kuwaachia wasikilizaji nafasi ya kufikiri, halafu ajibu mwenyewe kwa mbwembwe. Miaka saba alifanya hivyo. Na mdomo uliozoea kazi miaka saba haumwulizi mwenyewe ruhusa.

"HODI!" ikasema redio.

"HODI!" akasema Nguchiro pamoja nayo, sauti ile ile nene, tamu, na punje za wali zikamrukia Mwenyekiti usoni.

Fisi akateremsha mizigo yake chini, puu, akaangua kicheko ambacho mpaka leo hakijapata mfano.

"Karibu!" akamjibu.

Basi funzo ni hili, wajukuu zangu: ukisikia mtu anasema yuko mahali, kabla hujamfukuza jirani yako kwa ajili yake, nenda kwanza ukachungulie jikoni.